Kimya Kama Habari: Neno Moja katika Maandishi ya Pwani ya Kilwa na Lindi

Kati ya Kilwa na Lindi, pwani ya kusini ya Tanzania imekatwakatwa na ghuba ambazo manahodha wa majahazi wamezifahamu vizuri zaidi kuliko wanahistoria. Mojawapo ni Kiswere. Ni mahali pa kutia nanga na kungoja upepo. Nyuma yake iko nchi ya Wamachinga, na mbele zaidi, ukielekea bara, nchi ya Wamwera na ya Wangindo. Miji miwili mikubwa, Kilwa kwa upande wa kaskazini na Lindi kwa upande wa kusini, ilikuwa na maboma, makarani na mahakimu. Kiswere ilikuwa njiani. Mahali pa namna hii hutajwa katika maandishi ya habari chombo kinapopita au jambo linapoharibika, kisha huachwa mpaka chombo kingine kipite. Katikati ya kutajwa huko na kule pana kimya.

Mhadhara huu unakusudia kulichunguza neno hilo hilo, kimya, na kazi lililoifanya katika maandishi ya habari ya pwani hiyo. Hoja yake ni kwamba kwa watu wa pwani kimya kilihesabiwa kuwa habari mojawapo: kilikuwa na mwenyewe, kilikuwa na sababu, na kilimdai msomaji akifasiri. Utawala wa Kijerumani ulipoanza kukitumia Kiswahili kwa shughuli zake, kimya kikaanza kusomwa kuwa ni amani. Kosa hilo la usomaji liligharimu roho za watu, na alama zake zimo hadi leo katika nyaraka ambazo watafiti wanazitegemea.

Yafaa kuanza na lugha yenyewe. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana hapa: kimya, utulivu, shwari, amani, raha, salama. Mgeni huyachukua yote kwa mkupuo mmoja, lakini mzawa wa lugha hayachanganyi. Utulivu ni hali ifikiwayo baada ya mtikisiko. Maji hutulia, moyo hutulia, mtoto aliyekuwa akilia hutulia. Kitenzi chake kina kauli ya kutendesha, kutuliza, na anayetuliza daima ana nguvu kumzidi anayetulizwa. Amani ni dhamana. Hutolewa na mtu kwa mtu, na anayeipewa huwa ameahidiwa kwamba hatadhuriwa. Salama ni neno la safari na afya.

Kimya ni tofauti na yote hayo. Kwanza hakina kitenzi chake chenyewe: mtu hukaa kimya, huwa kimya, au hunyamaza. Pili, kimya ni cha mwenye kinywa. Huambiwa fulani yu kimya kwa sababu angeweza kusema naye hasemi; jiwe halisemwi kuwa limenyamaza ila kwa mzaha au kwa ushairi. Tatu, kimya hupimwa. Kiko kimya kingi na kiko kimya kirefu, na kadiri kinavyozidi ndivyo anayekisikiliza anavyozidi kupata wasiwasi. Methali zimelishika jambo hili barabara. Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema wahenga, na tena husema mwenye kelele hana neno. Katika methali hizo mbili, anayestahili kuogopwa ni yule asiyesikika.

Shwari inastahili neno moja la pembeni, maana ndiyo inayopendwa zaidi leo na waandishi wa magazeti wanapotaka kusema mambo ni mazuri. Kwa nahodha aliyetia nanga Kiswere, shwari haikuwa baraka kila siku. Bahari ikiwa shwari kabisa, tanga halijai, jahazi haliendi, na barua iliyomo ndani ya sanduku la nahodha haifiki. Kusi ikivuma, chombo hupanda kutoka Lindi kwenda Kilwa na Unguja kwa wepesi. Kaskazi ikivuma, hushuka. Kwa hiyo kimya cha pwani kilikuwa na majira yake, na mtu wa Kiswere aliyekosa barua katika mwezi wa upepo mbaya hakuwa na sababu ya kunung'unika. Aliyekosa barua katika mwezi wa upepo mwema ndiye aliyejua kwamba kuna jambo.

Barua na utaratibu wake

Uandishi wa habari katika pwani hii ulianza na barua, kabla ya gazeti kwa karibu karne mbili. Maandishi ya Kiswahili ya kale kuliko yote yajulikanayo ni barua zilizoandikwa Kilwa kuanzia mwaka 1711, kwa hati za Kiarabu, na kupelekwa Msumbiji kwa Wareno na washirika wao. Zimehifadhiwa katika nyaraka za kihistoria za Goa, India. Jambo hilo lina fundisho lake. Barua za Kilwa zimetufikia kwa sababu ziliingia mikononi mwa serikali ya kigeni iliyokuwa na mazoea ya kutunza karatasi. Zile ambazo Waswahili waliandikiana wao kwa wao, zikasomwa barazani na kuwekwa katika kasha la nyumbani, nyingi zimeliwa na mchwa. Kwa hiyo hata mwanzo wa historia ya maandishi ya pwani unasikika kupitia sikio la mwenye mamlaka.

Barua ya pwani ilikuwa na umbo lake, na umbo hilo lilidumu hata karne ya ishirini. Hutangulia jina la Mungu, kisha jina la mwandikiwa na sifa zake njema, kisha salamu, kisha hali: sisi wazima, na nyinyi tunawaombea uzima. Ndipo huja maneno ama baada, na baada ya hapo jambo lenyewe. Mkusanyiko wa barua za Kiswahili uliochapishwa na C. G. Büttner huko Ujerumani mwaka 1892 unaonyesha jinsi utaratibu huo ulivyokuwa imara miongoni mwa watu wa kila namna.

Msomaji asiyekulia katika adabu hii hupotea mahali pamoja, nako ni kwenye salama. Katika barua, kama katika maamkizi ya ana kwa ana, salama hutangulia msiba. Mtu huulizwa habari za nyumbani, hujibu njema. Akiisha kukaa na kunywa maji, ndipo aseme kwamba mzee fulani amefariki. Hakusema uongo alipojibu njema. Jibu hilo lilikuwa mlango wa kuingilia, na habari ilikuwa ndani. Vivyo hivyo mwandishi wa barua akisema hapa kwetu hakuna neno, msomaji mwenyeji hungoja ila. Neno hilo dogo, ila, ndilo bawaba ya barua nzima: hatujambo, ila mvua hazikunyesha; hatujambo, ila ushuru umezidi. Karani anayetafsiri akiishia kwenye hatujambo, amepeleka salamu peke yake na kuiacha barua.

Barua hizo pia ndimo kimya kinamopata maana yake ya kijamii. Mwandishi humlalamikia ndugu yake kwa kimya chake, yaani kwa kutoandika. Hapo kimya ni deni. Aliyekaa kimya anatakiwa ajieleze: alikuwa mgonjwa, alikuwa safarini, alikosa chombo, au ana kisirani. Sababu ya tano haiandikwi, nayo ni kwamba ana jambo ambalo si salama kulitia katika karatasi.

Sababu hiyo ya tano ilikuja kuwa na uzito mkubwa Kilwa. Mwezi Septemba 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipojaribu kushika forodha za pwani, maofisa wake wawili waliuawa Kilwa Kivinje, na Lindi na Mikindani wenzao wakakimbia. Wissmann aliitwaa tena Kilwa kwa mizinga mwezi Mei 1890, na siku chache baadaye Lindi. Hata hivyo Hassan bin Omari, aliyejulikana kwa jina la Makunganya, aliendelea kupigana na Wajerumani kutoka bara la Kilwa hadi alipokamatwa na kunyongwa mwezi Novemba 1895. Pamoja naye zilikamatwa barua. Barua hizo ziliwaponza baadhi ya wakubwa na wafanyabiashara wa Kilwa, ambao mchana walikuwa raia watiifu wa boma na usiku walikuwa wakimwandikia Makunganya.

Ni vigumu kukuza kupita kiasi athari ya tukio hilo katika mji ambao watu wake walikuwa wameandikiana barua kwa karne nyingi. Kabla ya hapo barua iliyoanguka katika mikono ya adui ilikuwa aibu au hasara ya biashara. Sasa iliweza kuwa kamba shingoni. Hapana budi watu wa Kilwa walijifunza siku ile kuyatenga yanayoandikwa na yanayosemwa. Yanayoandikwa yakabaki salama, hatujambo, hakuna neno. Yanayosemwa yakashuka sauti.

Gazeti linaingia

Gazeti la Kiswahili lilizaliwa likiwa mtoto wa barua. Msimulizi, lililoanza Unguja mwaka 1888 katika chuo cha Kiungani cha misheni ya UMCA, lilikusanya habari kutoka vituo vya misheni vilivyotawanyika pwani na bara, na kwa upande wa kusini vituo hivyo vilikuwa ng'ambo ya Lindi, Masasi na Newala. Habari za Mwezi lilifuata huko Magila, Bondei, katikati ya miaka ya 1890. Mwaka 1904 likatoka Kiongozi, gazeti la mwezi lililochapishwa katika shule ya serikali ya Tanga. Liliendelea hadi mwaka 1916, vita vilipolifunga. Waliolisoma na kuliandikia walikuwa hasa vijana waliotoka katika shule za serikali na kupelekwa wilayani kuwa walimu, makarani na maakida. Walileta habari za miji yao, wakaleta na mashairi.

Watafiti wameusifu sana ukarimu wa Kiongozi kwa waandishi wake, na wamefanya haki. Ni ghala kubwa la nathari ya Kiswahili ya wakati ule, na walioiandika walikuwa Waafrika. Lakini katika suala la kimya cha kusini, umbo la gazeti lina jibu kabla hata kurasa zake hazijafunuliwa. Gazeti la aina hii husikia mahali penye mtu wake. Penye shule pana mwalimu, penye boma pana karani, na jina la mji linachapishwa. Pasipo na mwalimu wala karani hapana habari, na msomaji wa Tanga akipitisha macho katika majina ya miji anaweza kudhani kuwa kule kusikotajwa hakuna lililotokea. Kiswere na mamia ya vijiji vya mfano wake vilikuwa katika nafasi hizo nyeupe kati ya jina na jina.

Kuna na shida ya pili, ambayo ni ya tafsiri. Kijerumani kina neno Ruhe, ambalo peke yake hubeba kimya, mapumziko, utulivu wa moyo na usalama wa raia. Katika lugha ya utawala neno hilo lilitembea pamoja na utaratibu na nidhamu, na afisa wa wilaya alipimwa kwa kiasi cha Ruhe alichokiripoti. Sasa mkalimani au akida akileta taarifa kwamba watu wa upande fulani wako kimya, afisa aliweza, bila hila yoyote, kuandika Ruhe na kuliweka jambo katika jalada la mambo mema. Kumbe akida angeweza kuwa amemwonya. Katika Kiswahili, watu kuwa kimya si taarifa ya kumfanya mkubwa alale usingizi.

Ngarambe na Nandete

Mambo yaliyotokea katika milima ya Umatumbi, nyuma ya Kilwa, mwaka 1904 na 1905 yanajulikana kwa jumla, na hapa yatatajwa kwa kadiri yanavyohusu neno letu. Kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuingia tangu miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa. Tangu 1902, chini ya Gavana von Götzen, wilaya za pwani zililazimishwa kulima mashamba ya pamoja ya pamba, kazi iliyowatoa watu katika mashamba yao wenyewe kwa ujira ambao haukustahili kuitwa ujira. Ngarambe akatokea Kinjikitile Ngwale, akiwa amepagawa, akitoa maji ya dawa. Watu wakamiminika kwake.

Wakati huo ndipo ilipotembea njwiywila. Neno hili ni la Kimatumbi. Maana yake ni habari ya siri, ipitishwayo kwa mnong'ono kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Wangindo waliiita jujila. Gilbert Gwassa aliyakusanya maelezo ya wazee kuihusu, na yeye pamoja na John Iliffe wakayachapisha mwaka 1968. Kwa mujibu wa wazee hao, njwiywila ilitangaza kwamba mwaka ule ni wa vita na kwamba yuko mtu Ngarambe; ilienda kutoka ukoo hadi ukoo, na aliyeipokea alijua ni nani wa kumpa na ni nani wa kumpita.

Inafaa kuitazama njwiywila kwa jicho la mwanafunzi wa uandishi wa habari, kwa kuwa ilikuwa na kila kitu kilichohitajiwa na gazeti isipokuwa karatasi. Ilikuwa na chanzo, ilikuwa na wapelekaji, ilikuwa na wasomaji waliochaguliwa, na ilipita Umatumbi na Ungindo kwa kasi ambayo gazeti la mwezi lililochapishwa Tanga lisingeweza kuifikia. Wala haikuwa imefichika macho: makundi ya watu yalisafiri kwenda Ngarambe mchana kweupe, na dawa ya maji ilisemwa kuwa ni ya mazao na ya kuwakinga watu na madhara. Safari ilionekana na wote. Kilichofichwa ni neno lililokuwa ndani ya safari. Kwa afisa wa Kilwa, nchi ilikuwa kimya, na kimya hicho alikiandika kwa neno lake.

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, pamba iling'olewa. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Siku chache baadaye vita vilikuwa Samanga na Kibata. Boma la Liwale likaanguka. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss na wenziwe wakauawa wakiwa njiani kuelekea Liwale. Na kabla ya mwezi kwisha misheni za Masasi na Nyangao, katika njia ya Lindi, zilikuwa zimeshambuliwa. Serikali ilikuwa na manowari moja tu pwani, Bussard. Mshindo mkuu ulikuwa umekuja.

Katika hali hiyo, nani angeliandikia gazeti? Katika nchi ya vita, watu waliojua kuandika hati za Kirumi ndio waliochukiwa: akida, karani wake, mtoza kodi, mwalimu wa misheni. Ndio waliokuwa wa kwanza kukimbilia Kilwa au Lindi, na baadhi hawakufika. Kimya cha magazeti kuhusu yaliyotendeka ndani ya Umatumbi na Ungindo kilikuwa na mkono wa mhariri wa serikali, ndiyo, lakini hata mhariri angekuwa mwema kiasi gani, hakuwa na mtu wa kumletea habari. Waandishi wote walikuwa upande mmoja wa vita. Kutoka upande huo waliweza kuona moshi tu.

Kimya kilichofuata kilikuwa cha namna nyingine. Majeshi ya serikali yaliteketeza vijiji, yakachoma maghala na mazao shambani. Kapteni Wangenheim aliandika mwaka 1905 kwamba njaa na uhitaji ndivyo tu vitakavyoleta utiifu wa mwisho, na Gavana hakulipinga wazo hilo. Njaa haipigi kelele. Mwanzoni mwa 1907, katika lugha ya serikali, kusini kulikuwa kumetulizwa. Na hapa kitenzi kilikuwa sahihi kuliko alivyokusudia aliyekitumia, maana kutuliza kuna mwenye kutuliza. Hesabu rasmi ya Kijerumani iliweka waliokufa kuwa 75,000. Gwassa, kwa kuitazama njaa na vijiji vilivyotoweka, alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mtu akitaka kujua kimya kina uzito gani, na aitoe hesabu ya kwanza katika ya pili.

Utenzi na waraka

Lindi, hata hivyo, kulikuwa na mtu aliyeandika. Abdulkarim bin Jamaliddini alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji kwa bahari ya utenzi, akiwa mtu wa mji wa pwani, msomi wa Kiislamu, asiye rafiki wa waasi. Baadhi ya wahakiki wamemlaumu kwa hilo. Lawama hiyo ina sehemu yake ya kweli, lakini inasahau kazi ya utenzi katika jamii ambayo haikuwa na gazeti lake. Utenzi wa vita ulikuwa ndio taarifa kamili: nani alikwenda wapi, nani aliuawa, mji upi uliungua, na nani alisema nini. Mtunzi wa Lindi aliwataja kwa majina watu na mahali ambapo gazeti halikuwa na mtu wa kupataja, na hakuwaachia Wajerumani nao bila ya kuwasema. Kilichotokea kwa utenzi wenyewe kinasikitisha kwa namna yake. A. Lorenz aliuchapisha Ujerumani mwaka 1933. Afrika Mashariki ulitoka katika jarida la Kamati ya Kiswahili mwaka 1957, pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Nusu karne nzima, taarifa bora kuliko zote iliyoandikwa kwa Kiswahili kuhusu vita vya kusini haikuwa mikononi mwa watu wa kusini, isipokuwa wale waliokuwa na nakala au waliosikia ikisomwa.

Mwaka 1908 Lindi ilipata mtihani mwingine wa usomaji. Waraka uliodaiwa kutoka Makka ulifika huko mwezi Julai na kunakiliwa kwa mkono, ukaenea pwani. Ulisimulia ndoto, ukawaonya Waislamu kwamba mwisho wa dunia umekaribia, ukawataka watubu na kuwaepuka makafiri, na ukamtaka kila aliyeupokea aunakili na kuupeleka mbele. Kati ya maandishi yote yaliyotajwa katika mhadhara huu, hakuna lililokuwa mbali na kimya kama hili: lilikuwa andiko la kupigiwa mbiu. Utawala, uliokuwa bado na kumbukumbu ya 1905, ulishtuka. Walimu wa dini waliouhusika walikamatwa, na uchunguzi ukafuata hadi kuzituhumu njia za Unguja. Hakuna vita vilivyotokea. Maofisa ambao miaka mitatu nyuma waliusikia mnong'ono wakaupuuza, sasa walisikia kelele wakaogopa. Mwenye kelele hana neno. Methali hiyo ingewapunguzia gharama ya uchunguzi mzima.

Baada ya Vita Kuu, ambavyo viliipiga nchi hii vibaya mwaka 1917 huko Narungombe nyuma ya Kilwa na huko Mahiwa nyuma ya Lindi, Waingereza walianzisha Mambo Leo mwezi Januari 1923. Gazeti hilo lilikuwa na safu ya Habari za Miji, na urithi wa Kiongozi ulionekana wazi ndani yake: jina la mji juu, habari chini. Safu hiyo ilipendwa mno, na ilistahili. Lakini kanuni ilikuwa ile ile. Mji wenye mwandishi ulikuwa na habari.

Miaka ya mwisho ya 1960, wanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kusini kuyakusanya masimulizi ya vita vya Majimaji. Waliowakuta walikuwa wazee waliokuwa watoto au vijana mwaka 1905. Wengi wao hawakuwahi kuulizwa na mtu yeyote mwenye kalamu. Walisimulia wakitaja majina ya koo, ya mito, ya watu waliong'oa pamba, na kwa mara ya kwanza neno njwiywila likaingia katika kitabu, miaka zaidi ya sitini baada ya kufanya kazi yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba kumbukumbu hizo zilikuwa na mpangilio. Watu waliohesabiwa kuwa kimya kwa vizazi viwili walikuwa wakisimuliana muda wote huo, katika lugha zao na katika Kiswahili chao, kwa wasikilizaji waliowachagua wenyewe.

Mwaka uliofuata, 1969, ilitoka tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile. Mwandishi wake alizaliwa mwaka 1943 katika pwani hii hii ya kusini. Katika historia, Kinjikitile alinyongwa vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Katika tamthilia yu hai hadi wapiganaji wake wameshindwa, na yumo kifungoni. Anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo, apate kuepukana na mateso. Wajerumani wangelipenda sana neno hilo. Lingeweza kuandikwa, likapelekwa Kilwa, likasomwa kwa watu. Kinjeketile anakataa kulisema.